Ufadhili wa Ukaazi na Mtunzi Chipukizi wa Tamthilia: Kutoka Manda Hadi Masara

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia za Afrika Mashariki wamezoea kuanza na matini: dhamira, wahusika, lugha na muundo. Ni nadra kuulizwa tamthilia hiyo ilitungwa wapi, kwa riziki ya nani, na ilisomwa kwa sauti mbele ya nani kabla ya kupigwa chapa. Makala haya yanalichukua swali hilo na kulielekeza kwenye ufadhili wa ukaazi, yaani utaratibu wa kumpa mtunzi mahali pa kulala, chakula na posho kwa muda maalumu ili aandike pasipo kusumbuliwa na kazi nyingine. Inashikiliwa hapa kwamba ufadhili wa namna hii ni haja ya kweli, wala si anasa. Lakini thamani yake haipimwi kwa utulivu wa chumba, bali kwa umbali uliopo kati ya chumba hicho na hadhira ya mtunzi.

Mshahara uliokuwa ufadhili

Tamthilia za Kiswahili zilizopata sifa baada ya uhuru hazikuzaliwa katika vyumba vya ukaazi. Ebrahim Hussein, aliyechapisha Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971, na Penina Muhando, aliyechapisha Hatia mwaka 1972, walilelewa na chuo kikuu cha Dar es Salaam, kwanza wakiwa wanafunzi, kisha wakiwa walimu. Chuo kiliwapa riziki, waigizaji, ukumbi na watazamaji. Nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoandika Ngaahika Ndeenda, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa ajili ya kituo cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wanakijiji walijenga jukwaa la wazi, wakaisahihisha lugha ya mswada, na wao wenyewe wakaigiza. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, yakapigwa marufuku Novemba mwaka huohuo. Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Kisa cha Kamĩrĩĩthũ husimuliwa kuwa ni ushahidi kwamba kijiji chaweza kuwa chuo cha tamthilia. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kijiji kilitoa lugha, waigizaji na hadhira; mshahara ulitoka Nairobi. Mtunzi asiye na kazi ya chuo angeipata wapi miezi ya kukaa na wanakijiji, kusikiliza na kuandika upya? Hapo ndipo hoja ya ufadhili inapoanza.

Kisiwa cha Manda

Mwaka 2010 Taasisi ya Sundance ya Marekani iliwakusanya watunzi, waongozaji na waigizaji wa Afrika Mashariki katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Ubora wa mpango huo haukuwa bahari wala upepo wake. Mtunzi hakupewa meza peke yake. Alipewa waigizaji wa kuusoma mswada wake, na hakudaiwa onyesho kamili mwishoni. Jambo hili ni kubwa. Mwandishi wa riwaya aweza kuimaliza kazi yake kwa kalamu, lakini kasoro za tamthilia hazijulikani mpaka maneno yapite kinywani mwa mtu. Jibizano linalopendeza machoni huweza kumkwama mwigizaji kooni.

Matunda yalionekana. Judith Adong wa Uganda, mmoja wa waliopitia mpango huo, alionyesha Silent Voices mjini Kampala mwaka 2012, tamthilia inayowapa nafasi ya kusema waathiriwa wa vita vya kaskazini mwa nchi yake. Mwaka 2014 Sundance ilishirikiana na Bayimba kuanzisha tamasha la kimataifa la tamthilia mjini humo. Haitakuwa haki, basi, kuudharau mpango huu kwa kuwa fedha zake zilitoka ng'ambo.

Hata hivyo Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Manda alipona nini? Mpango unaokutanisha watu wa nchi nyingi chini ya mfadhili wa Marekani hauna budi kuelemea Kiingereza, na mtunzi anayesomewa kwa Kiingereza huanza, pasipo kujitambua, kuandika kwa ajili ya wasomaji hao. Tena kisiwa humwondolea mtunzi kelele za nyumbani, na kwa mtunzi mwanamke mwenye nyumba na watoto hilo si jambo dogo. Lakini humwondolea pia vicheko na miguno ya watu anaowaandikia.

Hali ya Masara

Nyanza si ngeni katika habari hizi. Okot p'Bitek, akiwa mtumishi wa chuo mjini Kisumu, aliandaa tamasha la sanaa mwaka 1968. Mwaka uliofuata alikwenda Iowa, kwenye mpango wa kimataifa wa waandishi ulioanzishwa mwaka 1967. Tamasha lilikuwa nyumbani, ukaazi ukawa ng'ambo. Mpangilio huo bado haujageuzwa.

Masara, katika kaunti ya Migori, ni mahali pa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kidholuo ndicho lugha ya nyumbani, Kikuria hakiko mbali, na Kiswahili hutumika sokoni na shuleni. Kaunti hiyo ni makao ya Wakuria, jamii iliyomtoa Chacha Nyaigotti-Chacha, mtunzi wa Mke Mwenza. Hakuna upungufu wa visa wala wa lugha. Mwalimu kijana wa hapo mwenye kipawa cha kutunga ana mlango mmoja tu: tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959. Huandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari, kwa muda mfupi uliowekwa na kanuni na kwa jicho la waamuzi. Timu ikishindwa katika ngazi ya kaunti, mswada huingia kabatini. Anayeandika hivyo kwa miaka kumi hupata mianzo kumi, asipate tamthilia moja iliyokamilika.

Hitimisho

Dar es Salaam ilionyesha haja ya riziki, Kamĩrĩĩthũ haja ya hadhira, Manda haja ya waigizaji katika hatua ya mswada. Ufadhili unaotoa moja na kuyasahau mengine mawili ni pungufu. Unaofaa ungempa mwalimu wa Masara muhula mmoja wa likizo yenye malipo, waigizaji wa eneo hilo, uhuru wa kuandika kwa Kiswahili au Kidholuo, na siku ya kuusoma mswada mbele ya wachimbaji na wachuuzi kabla haujasomwa na mhakiki yeyote. Gharama yake ni mshahara wa mwalimu mmoja wa kushika darasa lake. Pasipo hilo, wahakiki wataendelea kulalamikia uchache wa tamthilia kutoka sehemu hizo, ilhali zimo makabatini.