Kosa la usajili wa laini halikuwa kwenye vidole

Maneno ya Jamii Namba, namba moja ya utambulisho inayokusudiwa kwa kila mtu, yameanza kuzoeleka masikioni, na kila yanapotajwa hukosi mtu wa kusimama na kusema kwamba sisi kusajili watu tunakujua, kwani si tulisajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020 na kazi ikaisha? Safu hii haikubaliani na ushahidi huo. Mashine zilisoma vidole, mawakala walikesha barabarani na wananchi walijitokeza, wengi wao zaidi ya mara moja. Kilichoharibu kazi ni uamuzi mmoja uliochukuliwa ofisini kabla dole la kwanza halijawekwa kwenye mashine: kwamba raia atasajili laini kwa namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) na si kitu kingine, na kwamba kuna tarehe ambayo ikifika, asiyekuwa na namba hiyo atazimiwa simu. Kila kimoja peke yake kingeweza kutetewa. Vilipowekwa pamoja, katika mwaka ambao NIDA yenyewe ilikuwa bado iko katikati ya kazi ya kuandikisha watu, vilikuwa kosa la wazi la mpangilio, na hakuna takwimu ya mwisho wa zoezi inayoweza kulifuta.

Turudi kwenye uamuzi wenyewe, maana umesahaulika upesi mno. Usajili kwa alama za vidole ulianza nchi nzima tarehe 1 Mei 2019, na mwisho wake ukatajwa kuwa 31 Desemba mwaka huohuo. Kusajili laini kwenyewe halikuwa jambo geni. Lilikuwapo kwa karibu miaka kumi, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ililipa nguvu. Lakini katika miaka hiyo yote mtu alisajili kwa kadi ya mpigakura, leseni ya udereva au pasipoti. Safari hii zote ziliwekwa kando. Ikabaki NIDA peke yake, taasisi iliyoundwa mwaka 2008, ambayo miaka kumi na moja baadaye ilikuwa bado haijawafikia watu wazima wengi wenye simu mfukoni. Tena tazama nani alipanga na nani alibeba. Tarehe ilisimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), iliyokuwa chini ya Wizara ya Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano. Foleni ilikuwa NIDA, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wizara moja ilipanga siku, nyingine ikapokea watu. Anayepanga tarehe asipokuwa yeye mwenye dirisha, tarehe hiyo haina tofauti na matamanio, isipokuwa kwamba matamanio haya yalikuja na adhabu.

Linganisha madirisha mawili aliyopitia mtu mmoja. Kwa wakala wa mtandao wa simu, chini ya mwamvuli wa stendi au sokoni, mteja anataja namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, anaweka dole, kifaa kinauliza kanzidata ya NIDA kama dole hili ni la mwenye namba hii, jina linarudi, na kazi imekwisha. Hapo ni kulinganisha dole moja na rekodi moja, kazi nyepesi kwa mashine. Sasa nenda dirisha la pili, ambalo kimantiki ndilo la kwanza. Unajaza fomu, unaipeleka serikali ya mtaa igongwe muhuri, unaambatanisha cheti cha kuzaliwa kama unacho au cheti cha shule kama huna, unachukuliwa vidole, picha na saini, kisha jalada lako linaingia kwenye uhakiki wa uraia. Mfumo nao hauna budi kukutafuta miongoni mwa wote walioandikishwa kabla yako ili ujue kama hujajiandikisha mara mbili. Hiyo ndiyo kazi nzito, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu utambulisho wa taifa haugawiwi kama vocha. Mkazi wa Kigoma au Kagera, ambako mpaka uko jirani na Uhamiaji ina maswali zaidi, hawezi kwenda mwendo mmoja na mkazi wa Dodoma. Lakini tarehe ya kuzimiwa laini ilikuwa moja kwa wote.

Mwanafunzi yeyote wa uendeshaji wa shughuli anajua kwamba mwendo wa foleni huamuliwa na hatua yake iliyo nyembamba kuliko zote. Mawakala wenye vifaa vya vidole walikuwa kila kona ya mji. Ofisi za usajili za NIDA zilikuwa za wilaya. Kuongeza mawakala, jambo lililofanywa kwa bidii na matangazo mengi, hakukuiongezea NIDA hata ofisa mmoja. Ndiyo maana ile lawama ya viongozi, kwamba Watanzania tunapenda dakika za mwisho, inakera kuliko hata foleni yenyewe. Imetumika kwenye kodi, kwenye leseni, kwenye daftari la wapigakura, na hapa ikatumika tena bila aibu. Katika umati wa Desemba walikuwamo wazembe, sawa. Walikuwamo pia waliojaza fomu miezi mingi nyuma na wanasubiri namba, na wengine waliorudishwa kwa sababu jina la kwenye cheti cha shule lina herufi moja tofauti na la kwenye fomu. Huyo hakuchelewa, amecheleweshwa, na kanuni haikuwa na sehemu ya kumtofautisha na mwenzake.

Mwishoni mwa Desemba 2019, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisajili laini yake kisha akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Wengi walishukuru. Mchambuzi lazima aulize siku hizo zilipimwa kwa kitu gani. Kama ofisi hazikumaliza kwa miezi minane, hesabu ipi ilionyesha zingemaliza kwa siku 20? Nyongeza isiyotokana na idadi ya majalada yaliyobaki na uwezo wa ofisi kwa siku ni huruma tu. Januari 20 ilipopita, laini zikaanza kuzimwa kwa awamu. Laini katika nchi hii, tangu M-Pesa iingie mwaka 2008 na wenzake wakafuata, ni akaunti ya akiba, mshahara wa kibarua, ada ya mtoto na mtaji wa genge. Kumzimia mtu laini kwa sababu jalada lake liko mezani kwa ofisa wa serikali ni kumwadhibu kwa uzembe wa mwingine.

Na msiseme hatukuwa na mfano. Tulikuwa nao, tena wa hapahapa, na wa miaka minne tu nyuma yake. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi chini ya Jaji Damian Lubuva ilianza kuandikisha wapigakura kwa BVR, mfumo wa alama za vidole, huko Makambako, mkoani Njombe, mwezi Februari. Mashine zilikuwa chache, vidole vya wakulima viligoma kusomeka, watu walipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, na magazeti yaliiandama Tume kila siku, kwa haki kabisa. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imepangwa tarehe 30 Aprili mwaka huo. Serikali iliitaka na ratiba ilishatangazwa. Mwanzoni mwa Aprili Jaji Lubuva akatangaza kwamba kura ya maoni imeahirishwa, kwa sababu uandikishaji haujakamilika. Huo ndio uamuzi wa kiufundi ninaoutafuta kila mwaka na siupati. Tarehe ya tukio kubwa la kitaifa ilisogezwa ili isubiri daftari. Uandikishaji ukaendelea mkoa kwa mkoa, Dar es Salaam siku zikaongezwa, na kufikia uchaguzi wa Oktoba daftari lilikuwa na zaidi ya watu milioni 22. Kila aliyeandikishwa aliondoka kituoni na kadi mkononi, imechapishwa palepale mbele yake. Wapo watakaosema kura ya maoni ilikuwa na matatizo mengine ya kisiasa na Tume ilipata kisingizio kizuri. Inawezekana. Lakini kanuni iliyotumika ilikuwa sahihi hata kama kuna aliyeifurahia kwa sababu zake.

Tena kadi hiyohiyo ya mpigakura, yenye picha na namba, na nyuma yake alama za vidole zilizochukuliwa na chombo cha dola, ndiyo iliyokataliwa kwa wakala wa simu mwaka 2019. Najua jibu lililo tayari: daftari la wapigakura ni la uchaguzi, na kulichanganya na kanzidata nyingine ni hatari. Nakubali kuhusu hatari, hasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hatukuwa nayo hadi mwaka 2022. Lakini hakuna aliyelazimika kuchanganya kanzidata. Ilitosha wakala achukue dole, aandike namba ya kadi ya mpigakura, laini ipewe hadhi ya muda, na mwenye laini aendelee kuongea na kupokea fedha zake hadi namba ya NIDA itoke. Dole lile lile lingelinganishwa baadaye. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kwamba kuna hali ya katikati, baina ya aliyesajiliwa na aliyezimwa.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni ya usalama. Wanasema matapeli walikuwa wameshamiri, na bila ukali wasingekoma. Basi tuwapime kwa kipimo chao wenyewe. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" bado unaingia kwenye simu za watu, na TCRA yenyewe imelazimika kutenga namba 15040 ya kuripoti matapeli, na katika ripoti zake za robo mwaka huchapisha majaribio ya utapeli kwa mikoa, huku Rukwa na Morogoro zikijirudia juu ya orodha. Tapeli hakuwa na shida ya kitambulisho. Alimtafuta wakala asiye mwaminifu, na wakala akamwambia bibi wa kijijini kwamba dole halijasoma, aweke tena, na dole la pili likasajili laini isiyo yake. Udhaifu ulikuwa kwenye dirisha jepesi, lile la chini ya mwamvuli, wakati ukali wote ulimwagwa kwenye dirisha zito. Sisemi vidole havikusaidia lolote, kwani leo laini ya tapeli ina jina nyuma yake, na hilo ni jambo. Nasema jina hilo mara nyingi ni la mtu aliyeibiwa dole.

Wengine watasema bila tarehe hakuna anayesogea, na Nigeria ni ushahidi: Desemba 2020 ilitoa wiki mbili kuunganisha laini na namba ya kitambulisho, kisha ikaahirisha mara nyingi hadi Aprili 2022. Ni kweli iliahirisha hadi ikachosha. Lakini ilipofika mwisho ilianza kwa kuzuia simu za kutoka kwa laini zaidi ya milioni 70, na haikuzima laini nzima. Adhabu yenye ngazi inamfikishia ujumbe mzembe bila kumkata aliyecheleweshwa. Hata India, yenye namba ya utambulisho ya Aadhaar ambayo kila mtu huisifu, ilikatazwa na Mahakama yake ya Juu Septemba 2018 kulazimisha namba hiyo kwenye laini za simu. Sisi tulianza miezi saba baadaye. Na Kenya iliandikisha mamilioni kwenye Huduma Namba katika wiki chache za mwaka 2019, kisha Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikatamka utoaji wa kadi zake kuwa batili kwa kukosa tathmini ya athari kwa taarifa za watu. Haraka ya kuandikisha haikununua hata siku moja ya kutumia.

Yaliyofanywa vizuri yapo na ni haki yasemwe. Jina kutoka moja kwa moja kwenye kanzidata liliondoa makosa ya tahajia ya mawakala. NIDA kutoa namba kabla ya kadi kulikuwa akili. Na *106# inamwezesha mtu kukagua laini zilizo kwa jina lake.

Ukitaka kuona usajili uliofikiriwa, nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na mpango wake wa vyeti vya kuzaliwa kwa watoto chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013. Kabla yake mzazi alisafiri hadi ofisi ya wilaya. Wao wakasogeza dirisha hadi zahanati na ofisi ya mtendaji wa kata, mahali ambapo mama hufika tayari kwa chanjo. Cheti cha kwanza kikawa bure, kinaandikwa kwa mkono palepale, na taarifa zinatumwa kwa simu. Hawakumtishia mama yeyote kwa kumnyima kliniki hadi awe na cheti. Walipanua dirisha kwanza, na watu wakaja.

Kwa hiyo kwa watakaosimamia Jamii Namba, ombi ni fupi. Kabla ya kutaja tarehe yoyote ya mwisho, chapisheni hadharani mambo matatu: madirisha mangapi yako wazi, kila dirisha linahudumia watu wangapi kwa siku, na majalada mangapi yanasubiri uhakiki. Wekeni kwenye kanuni kwamba mwenye stakabadhi ya maombi hanyimwi huduma hadi ofisi imjibu. Kama hayo hayajaandikwa, tarehe isitangazwe.