Pongezi kwa Wapimaji wa Damu wa Kindu
Katika mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema kwenye ukingo wa mto Lualaba, wapimaji wa damu katika vituo vya afya wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Tone la damu kutoka ncha ya kidole huwekwa kwenye utepe wa kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi (VVU), kisha mpimaji husubiri dakika 15 kabla ya kusoma mistari. Mstari wa maambukizi ukijitokeza, hupima tena kwa kipimo cha aina nyingine, kwa kuwa VVU havithibitishwi kwa kipimo kimoja. Matokeo huingizwa daftarini pamoja na umri na tarehe, na hapo ndipo kazi inapozidi uzito, maana aliyegunduliwa leo si lazima awe ameambukizwa karibuni: chembe za CD4, yaani askari wa kinga ya mwili, zikipungua chini ya 200 katika milimita moja ya mchemraba ya damu, kwa kawaida virusi vimekaa mwilini miaka mingi. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila aliyegunduliwa aanzishiwe dawa bila kungoja chembe hizo zishuke, pendekezo lenye kuokoa maisha ambalo haliwezi kutekelezwa pasipo mpimaji makini anayejua pia kutunza siri.