Sifa za Kombeo

Mpunga wa Mombo, wilayani Korogwe, ukishatoa masuke, ndege hawamsubiri mwenye shamba aamke. Kwelea kwelea hushuka kwa kundi zima, na asubuhi moja tu inatosha kumwachia mkulima mabua matupu. Huko Handeni mtama nao hupatwa na balaa hilo hilo. Ndiyo maana kabla jua halijachomoza mtu huwa amekwishapanda ulingoni, rundo la madongo miguuni, kombeo mkononi, tayari kuamia hadi jua litue.

Kombeo lenyewe ni kamba mbili za katani, na kati yake kifuko kilichosukwa cha kupakata dongo. Ncha moja ina kitanzi cha kuvikwa kidoleni. Ya pili ina fundo, na hiyo ndiyo inayoachiwa. Kamba haina shida ya kupatikana katika Korogwe, mji uliokua katikati ya mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Madongo hufinyangwa na kuanikwa juani. Jiwe lingefika mbali zaidi, lakini likibaki shambani litakuja kuharibu jembe msimu ujao, ilhali dongo huyeyuka kwa mvua ya kwanza.

Sasa tazama mkono. Tuseme mwamiaji analizungusha kombeo ubavuni mara nne kwa sekunde, na kutoka begani hadi kwenye dongo ni mita 1.2. Dongo linakwenda mita 30 kwa sekunde. Fundo likiachiwa, dongo linashika mstari ulionyooka kutoka pale lilipokuwa kwenye duara, huku dunia ikilivuta chini. Galileo Galilei alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kuanguka haviingiliani, na kwamba vikiungana huchora ule mpindo tunaouona angani. Tukiacha kando hewa na kimo cha ulingo, dongo lililorushwa kwa pembe ya nyuzi 45 litatua mita 92 kutoka hapo. Hakuna pembe inayolifikisha mbali zaidi ya hapo.

Pembe hiyo ina huruma. Zungusho moja huchukua robo ya sekunde, kwa hiyo kukosea kwa sehemu moja ya mia ya sekunde kunahamisha pembe kwa nyuzi 14 na ushei. Kwenye nyuzi 45 kosa hilo linagharimu mita kumi na moja hivi tu. Mtoto aliyeshika kombeo jana anaweza kufika karibu na alipokusudia.

Lakini umbali mmoja una njia mbili. Nyuzi 30 na nyuzi 60 zote zinafika mita 80 hivi. Ya kwanza hupita chini, hukaa hewani sekunde tatu, na hutua kwa kuchapa masuke. Ya pili hupanda hadi mita 34, hukaa sekunde tano na zaidi, halafu hushuka kwa mteremko mkali kutoka upande anaotokea mwewe, pasipo kuvunja mabua mengi. Hapo ndipo ufundi unapojulikana, maana njia ya juu haisamehi kama ile ya nyuzi 45. Kosa lile lile dogo linaweza kulidondosha dongo mita 48 tu, au kulipeleka hadi 92. Na anayelirusha hana haja ya kumpiga ndege. Analiangusha kati ya kundi na moyo wa shamba, ili ndege wakiruka waruke kuelekea nje. Anafanya hivyo huku amepima upepo kwa shavu, kwa sababu dongo jepesi husukumwa zaidi ya jiwe.

Mimi nauheshimu mkono huo kama ninavyouheshimu ubao wa mwalimu, na natamani vikutanishwe. Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa anaweza kukokotoa mwendo wa kitu kilichorushwa pasipo kukiona kikirushwa. Uwanja wa mpira unatosha, na futi kamba, saa ya kuhesabu sekunde, na mama mmoja anayejua kuamia. Arushe kwa njia ya chini, arushe kwa njia ya juu, wanafunzi wapime dongo lilipotua na muda lililokaa hewani. Matokeo yatapungua kuliko yale ya kwenye daftari, kwa sababu ya hewa, na upungufu huo ndio wa kuanzia somo la siku ya pili.