Fundi wa Hewa

Basi linaloondoka Mahagi-Port, mkoani Ituri nchini Kongo, kwenda mjini halina budi kupanda. Ziwa Albert liko mita 619 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mahagi umekaa huko juu ya ukingo wa bonde, kama kilomita moja zaidi kwenda juu. Kabla ya kuondoka, magunia ya samaki wakavu yameshapangwa kwenye keria, kuku wamefungwa miguu chini ya viti, na kila abiria ana maoni yake kuhusu gari. Wapo wanaosifu breki. Wapo wanaoinama kuangalia matairi. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza habari za filta ya hewa, na hiyo ndiyo nitakayoisifu hapa, pamoja na mafundi wachache wanaoijua vizuri, kwa sababu kwenye mlima ule ndiyo inayoamua kama gari litafika likinguruma au likikohoa moshi mweusi.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Kiberiti chake ni hewa yenyewe. Katika injini nyingi za zamani hewa hubanwa ndani ya silinda zaidi ya mara 20, inapata moto wa kutosha kuiwasha dizeli inayonyunyiziwa, na pistoni inasukumwa. Tena dizeli ya aina hiyo haina kilango cha kuipunguzia hewa kama injini ya petroli: inavuta kifua kizima muda wote, iwe inapanda mlima au imesimama stendi ikingoja abiria wa mwisho. Chukua basi aina ya Coaster lenye injini ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, bila turbo. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta hewa inayokaribia lita 4,000 katika dakika hiyo moja. Chumba cha mita nne kwa nne, chenye dari ya mita mbili na nusu, kinamezwa chote kwa dakika kumi hivi.

Sasa ongeza mlima. Kutoka ufukweni mpaka Mahagi hewa inapungua kwa kama sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na turbo haina namna ya kuufidia upungufu huo. Dizeli inakuja kama kawaida, hewa haitoshi, kinachobaki ni moshi. Haya ni ya Mungu, hayana fundi. Lakini filta iliyoziba ni ya binadamu. Kwenye injini kubwa, desturi ni kuibadilisha mvutano wa hewa unapofika inchi 25 za safu ya maji. Ukipiga hesabu, mvutano huo unaidhoofisha injini sawasawa na kuipandisha karibu mita 600. Kwa hiyo basi lenye filta iliyofika mwisho wake, likiwa bado limeegeshwa pale ziwani, injini yake imeshapanda zaidi ya nusu ya mlima kabla konda hajafunga mlango.

Basi si waing'oe tu hiyo filta? Wapo waliofanya hivyo, na gari likaenda kwa nguvu ya ajabu kwa muda mfupi. Vumbi jekundu la Ituri lina mchanga ndani yake, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zinazoua si zile kubwa unazozihisi mdomoni. Ni zile za mikroni 5 hadi 20, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70: ndogo kiasi cha kuelea hewani muda mrefu, kubwa kiasi cha kupenya utando wa oili kati ya ringi na silinda na kukwangua pande zote mbili. Injini haifi siku hiyo. Inaanza kula oili, inatoa mvuke kwenye kifuniko cha kujazia oili, asubuhi inakataa kuwaka mpaka isukumwe, na mwenye gari anailaumu pampu ya dizeli, halafu betri, halafu dereva.

Barabara ya taifa namba 27 kati ya Bunia na Mahagi imeongeza jambo moja ambalo hakuna kitabu cha mtengenezaji kilicholiandika. Tangu mapigano yaanze tena katika teritwari ya Djugu mwishoni mwa 2017, mara nyingi magari yamelazimika kwenda kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi. Msafara unaokoa watu, na sitausema vibaya. Ila kiangazi kikikaza, Januari na Februari, gari la pili linakunywa vumbi la gari la kwanza, na gari la kumi linakunywa vumbi la yote tisa. Kuacha nafasi ili wingu litue hakuna anayekubali, na hakuna mwenye akili atakayesimama katikati ya njia kufungua boneti. Ukitaka kujua nani alipangwa nyuma siku hiyo, usiwaulize madereva, kila mmoja atasema alikuwa karibu na wanajeshi. Fungua filta zao.

Mahagi-Port yenyewe haikuanza kwa vumbi. Ilikuwa mlango wa majini. Meli ya Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ikivuka na abiria na mizigo kutoka Butiaba, upande wa Uganda, mpaka mafuriko yalipoizamisha mwaka 1964. Meli ina matatizo yake, lakini haina haja ya kuchuja hewa ya ziwani. Malori na mabasi ya nchi kavu ndiyo yaliyoleta ufundi huu, na ya kwanza hayakuja na filta za karatasi. Yalikuja na bakuli la oili.

Nalipenda bakuli la oili, ingawa najua limeshindwa. Hewa inashuka kwa kasi, inafika juu ya oili, inalazimishwa kugeuka ghafla kwenda juu. Vumbi, kwa kuwa ni zito, haliwezi kugeuka haraka hivyo, linaangukia kwenye oili na kuzama. Hewa inaendelea kupitia nyavu za chuma zilizolowa, inaacha huko kilichobaki. Hakuna cha kununua zaidi ya oili: unamwaga tope, unaosha bakuli, unatia oili mpya mpaka kwenye alama. Kwa gari lililo mbali na duka, hiyo ni akili kubwa. Lakini bakuli hushika kama asilimia 95 ya vumbi, na karatasi nzuri hushika zaidi ya 99. Wengine husikia hivyo wakaona tofauti ni ndogo. Igeuze uangalie kinachopita: bakuli linaruhusu vumbi angalau mara tano ya karatasi. Halafu kuna yule msaidizi mkarimu anayejaza oili kupita alama. Kwenye mlima injini inaivuta ile oili, inaichoma kama dizeli, na kuanza kukimbia yenyewe. Ukizima ufunguo haisikii. Dawa ni kuinyima hewa, na si kila mtu ana moyo wa kusogea karibu na injini inayopiga kelele ile akiwa na ubao mkononi.

Fundi niliyemtazama Mahagi-Port ni kijana, gereji yake ni mwembe, boksi la spana na kompresa ndogo ya petroli. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameshaitoa filta mwenyewe na kuielekeza kwenye tairi ili aipige.

"Papa, usiigonge."

"Sasa vumbi itatoka namna gani?"

"Itatoka. Leta kwanza."

Akaichukua, akaiweka juu ya gazeti, hakuishughulikia tena kwa muda mrefu. Kilichonivutia ni hicho. Alizungushia kidole kitambaa cheupe, akaingiza mkono kwenye duriti, ule mpira mnene wa mikunjo unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, akapangusa ndani. Kitambaa kilitoka na rangi ya udongo wa njiani. Upande ule wa filta panatakiwa pawe pasafi kama sahani. Akamwonyesha mzee. "Vumbi iko napita nyuma ya filta," akasema. "Hata ukiweka mpya leo, iko napita."

Akaanza kuukunja mpira kidogo kidogo, mkunjo kwa mkunjo, akiutanua kwa vidole gumba. Ufa ulikuwa upande wa chini, mahali mpira unaposugua kipande cha chuma, na haukuonekana mpaka ulipokunjwa. Mtu alikuwa ameshaupitia zamani: palikuwa na utepe wa tyubu ya baiskeli umezungushwa juu yake. Utepe wa tyubu umebeba nusu ya usafiri wa Afrika Mashariki na simdharau anayeutumia, lakini hapa hauna kazi. Mpira huu unavuta, hausukumi. Joto la injini linaulegeza utepe, mivuke ya dizeli inaulainisha, na ufa unaendelea kunywa vumbi chini yake bila kutoa sauti wala tone. Bomba la maji likipasuka litalia na kulowesha. Duriti ya hewa ikipasuka, kila kitu kinaonekana salama.

Kisha akaenda kwenye kopo linalobeba filta. Nati ya masikio inayokaza kifuniko ilikuwepo, washa yake ya mpira haikuwepo, na tundu la unene wa msumari pale ni njia iliyo wazi. Chini ya kopo kuna kidomo cha mpira kilichobanwa midomo, ambacho watu wengi hudhani ni takataka za kiwandani. Injini ikitetema kinafunguka kidogo na kutema vumbi zito lililozungushwa pembeni kabla halijafika kwenye karatasi. Alikibonyeza. Vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo, likamjaa kiganjani. Kidomo kilikuwa kizima, kimegandiana tu kwa tope la masika. Ningekuwa na gari, ningemfundisha utingo kukibonyeza kila asubuhi kabla hajapanga hata gunia moja.

Ndipo akairudia filta. Aliingiza taa ndani yake akawa anaigeuza polepole kivulini, akitafuta nukta ya mwanga, maana tundu moja kwenye karatasi linatosha kuitupa. Hapakuwa na nukta. Akapuliza kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lirudi kwa njia liliyoingilia, upepo hauzidi psi 30, ncha ya bomba ameiweka mbali na mikunjo. Wanaopuliza kwa nguvu zote za kompresa wanafurahia wingu linalotoka, kumbe wanaipasua karatasi. Filta ndogo ya ndani, ile ya akiba, hakuipuliza kabisa. Hiyo haisafishwi, hubadilishwa.

Nilimwuliza kwa nini haisafishi kila siku, maana Mahagi-Port vumbi lipo kila siku. Jibu lake linapingana na bidii ya madereva karibu wote ninaowajua. Filta ikishapata utando mwembamba wa vumbi inachuja vizuri kuliko ilivyokuwa mpya, kwa kuwa vumbi lenyewe linaziba njia za vumbi dogo zaidi. Kila unapoifungua unaikosesha utando huo, unauchosha mpira wa kuzibia, na unaangushia mchanga mahali usipotakiwa kufika. Kwa hiyo mwenye kufungua mara kwa mara anaua injini kwa usafi. Kuna magari yenye kioo kidogo kwenye kopo kinachogeuka chekundu filta inapochoka, na lenye kioo kizima halihitaji kubahatisha. Mengi ya huku kioo kimeshavunjika, hivyo inabaki sikio la dereva, rangi ya moshi mlimani na kumbukumbu ya lini ilifunguliwa mara ya mwisho. Ufundi wa kuacha kitu kilivyo, tena kwa sababu unayoweza kuieleza, nauona mgumu kuliko wa kubadilisha.

Kuna pia suala la filta za bandia, na hapo sina subira. Boksi linafanana na la asili, bei ni nusu, mikunjo imesongamana upande mmoja na kuachana upande mwingine, gundi imekatika, mpira wa ukingoni ni mgumu kama plastiki na haukai. Anayeinunua anadhani amepunguza gharama. Heri filta halisi iliyopulizwa mara mbili kwa mkono mwepesi.

Hakuwa na duriti mpya. Aliikata ile palipopasuka, akaunganisha kwa kipande cha bomba la chuma kinachoingia kwa nguvu, akakaza kolye mbili, yaani bangili za kubania, moja kila upande, akihakikisha hazikukaa mshazari. Washa aliichonga kutoka kwenye mpira mnene wa tairi. Mwishowe akachota grisi kwa ncha ya kidole na kuipaka nyembamba ndani ya duriti, karibu na injini. Ikirudi safi, mfumo umeziba. Ikirudi na punje za mchanga, bado kuna mlango mahali.

Mabishano yalikuja kwenye malipo. Mzee alitazama filta yake ile ile ikirudishwa ndani ya kopo lake lile lile, akasema hakuna kilichobadilishwa, alipe nini? Nilitegemea kijana angekasirika. Alimkumbusha tu bei ya ringi na laina za silinda sita kule Bunia, bila kazi ya mkono. Wakavutana, abiria wakaingilia, mama mmoja mwenye magunia akataka kujua kama wataondoka leo au kesho. Wakakubaliana nusu sasa, nusu siku ya kurudi kama grisi itakuwa safi. Mzee akahesabu shilingi za Uganda, ambazo sokoni pale zinapokelewa bila swali, na kijana akaandika namba ya gari kwa chaki kwenye kifuniko cha boksi lake la spana, chini ya namba za magari mengine manne aliyokuwa akiyadai.