Toleo Jipya la King'amuzi: Lini Ukubali, Lini Uache

Ujumbe hutokea katikati ya taarifa ya habari: kuna toleo jipya la programu, bonyeza OK kuendelea. Wapo wanaobonyeza bila kusoma ili habari iendelee. Wapo pia wanaokataa kila mara kwa sababu waliwahi kusikia king'amuzi cha jirani kilikufa baada ya kusasishwa. Wote wanaruka swali ambalo lingewapa jibu: ni kitu gani kimebadilika, hata programu iliyofanya kazi vizuri jana isitoshe leo?

Kazi ya king'amuzi ni finyu. Kinanasa masafa, kinachambua data iliyobebwa, kinafungua picha na sauti na kuzipeleka kwenye televisheni. Simu hupata programu mpya kila siku na kufungua kurasa za watu usiowajua, lakini king'amuzi kisicho na intaneti hupokea matangazo tu. Matangazo yakibaki yalivyo, programu ya miaka mitano iliyopita itaendelea kuyapokea. Kwa kifaa cha namna hiyo, uzee wa toleo peke yake si ugonjwa.

Tatizo huanza pale hewani panapobadilika, na si kila badiliko linahitaji programu mpya. Chaneli ikihamishiwa masafa mengine, dawa ni kusachi upya. Picha ikikatika mvua inaponyesha, tazama dishi, waya na kiwango cha ubora wa mawimbi kwenye menyu kabla ya kuilaumu programu. Toleo jipya huwa na maana pale kampuni inapobadilisha mfumo wake wa kufunga chaneli za kulipia, inapopanga upya orodha ya chaneli kwa namna ambayo kifaa cha zamani hakiielewi, au inaporekebisha kasoro inayojulikana, kwa mfano sauti kuachana na picha au king'amuzi kuganda kila unapohama chaneli.

Yapo pia mabadiliko ambayo programu haiwezi kuyafikia kamwe. Ujerumani ilipoanza kuhamia mfumo mpya wa matangazo ya dijitali wa DVB-T2 Machi 2017, picha zilibanwa kwa mfumo wa HEVC. Ving'amuzi vya mfumo wa awali, DVB-T, vilivyokuwa majumbani vikabaki bila kazi, kwa sababu chipu zake hazikuundwa kupokea mawimbi hayo wala kufungua picha hizo. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam mitambo ya analojia ilipozimwa Desemba 31, 2012: televisheni ya zamani ilihitaji king'amuzi, na hakuna fundi ambaye angeifundisha kwa faili. Anayekuuzia toleo la kufanya king'amuzi cha MPEG-4, mfumo wa zamani zaidi wa kubana picha, kifungue HEVC, ilhali chipu yake haina uwezo huo, anakuuzia hewa.

Tuseme sababu ipo. Swali linalofuata ni faili linapita njia gani, kwa kuwa kila njia ina hatari yake.

Njia ya kwanza ni hewa yenyewe. Faili hukatwa vipande na kupachikwa katika mkondo uleule unaobeba picha, kisha vipande hivyo hurushwa kwa mzunguko, tena na tena. King'amuzi hakiwezi kuomba kipande kilichokipita. Husubiri mzunguko unaofuata, ndiyo maana upakuaji huweza kuchukua muda mrefu hata kama faili ni dogo. Utaratibu wa DVB wa kazi hii, uliochapishwa na shirika la viwango la ETSI kwa namba TS 102 006, hubeba msimbo wa mtengenezaji pamoja na taarifa za maunzi na toleo. Kifaa hulinganisha taarifa hizo na zake na kupuuza faili lisilokihusu. Mvua ikikata mawimbi katika hatua hii, kwa kifaa kilichoundwa vizuri hasara ni muda tu, kwa kuwa faili hukaguliwa likiwa zima kabla ya kumbukumbu kuguswa.

Hatari kubwa iko katika hatua inayofuata. Programu ya zamani hufutwa kutoka kwenye chipu ya flashi na mpya huandikwa mahali pake. Vifaa vya gharama huwa na sehemu mbili: toleo jipya huandikwa pembeni, na la zamani hubaki hadi jipya lithibitike kuwaka. Ving'amuzi vingi vya bei nafuu vina flashi ya megabaiti 4 au 8 tu, na nafasi ya nakala ya pili haipo. Umeme ukikatika hapo, kifaa kinabaki na nusu ya programu. Hadithi za king'amuzi kilichokufa zinaweza kuanzia katika dakika hizo chache. Panapo mgao wa umeme, basi, saa ya kusasisha ina uzito kuliko namba ya toleo. Kampuni ya kulipia inaweza kukulazimisha kukubali, lakini mara nyingi bado unaweza kuahirisha hadi umeme utulie.

Njia ya pili ni flashi ya USB, inayopendwa na wenye madishi ya chaneli za bure. Hapa adui ni faili lisilo lake. Ving'amuzi viwili vinaweza kufanana ganda, jina na hata rimoti, kumbe ndani vina bodi tofauti. Baadhi yake havikagui kwa makini vinachopewa. Ukikipa faili la ndugu yake, huenda kikawaka na kukataa kuisikia rimoti, au kisiwake kabisa, na hapo unahitaji fundi mwenye waya wa RS232 au mashine ya kuandika chipu moja kwa moja. Kabla ya kuchomeka USB, fungua ukurasa wa taarifa kwenye menyu, andika modeli, toleo la maunzi na la programu, kisha ulinganishe na maelezo ya faili. Kama menyu inaruhusu kunakili programu iliyomo kwenda USB, ifanye kwanza kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo njia yako ya kurudi.

Hata faili halali la mtengenezaji linaweza kuwa bovu. Juni 2020, vicheza Blu-ray vya Samsung katika nchi mbalimbali vilianza kujizima na kujiwasha bila kikomo baada ya kupokea kupitia intaneti faili dogo la mipangilio, na wenyewe walilazimika kuvirudisha kutengenezwa. Asiye na tatizo la dharura hapotezi kitu akisubiri wiki mbili na kuona toleo jipya limewafanyia nini wengine.

Hoja hii yote ya kutulia hugeuka mara kifaa kinapounganishwa na intaneti. Boksi la Android lenye tyuna linapokea matangazo, lakini pia ni kompyuta iliyo ndani ya mtandao wa nyumba yako. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web iliripoti kuwa programu hasidi iitwayo Vo1d imeingia katika maboksi ya televisheni takriban milioni 1.3 katika nchi karibu 200, mengi yakiwa na matoleo ya zamani ya Android. Juni 2025 FBI nayo ilionya kuhusu BADBOX 2.0, ambapo baadhi ya vifaa hutoka kiwandani vikiwa vimeshaambukizwa. Kwa boksi la mtengenezaji anayejulikana, masasisho ya usalama yasicheleweshwe. Kwa boksi lisilo na mtengenezaji wa kuwajibika, kusasisha kunaweza kuwa ndiyo njia ya kuingiza uchafu zaidi, na uamuzi wa busara ni kulitoa kwenye mtandao.

Kwa hiyo ujumbe ukitokea kwenye king'amuzi kisicho na intaneti, kinachofanya kazi, na ambacho kampuni haijatangaza badiliko, bonyeza "baadaye" bila hofu. Kikiwa na kasoro ambayo toleo jipya linataja kuirekebisha, au kampuni ikiwa imebadilisha mfumo, kubali, ila kwa faili la modeli yako, umeme ukiwa imara, na orodha ya chaneli zako ukiwa umeiandika pembeni, kwa sababu mara nyingi utalazimika kusachi upya.