Uzito wa Pikapu na Kona Hamsini na Saba

Mtu apandaye kutoka Chimala kwenda Matamba hupita kona ambazo wenyeji walizihesabu, kisha wakaipa njia nzima jina la hesabu hiyo, Hamsini na Saba. Naye akifika juu, akaendelea hadi uwanda wa Kitulo ulio kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha akateremka tena hadi tambarare ya Usangu, huwa amelitahini gari lake kwa mitihani mitatu isiyofanana, yaani mwinuko, hewa haba na tope. Pikapu niichambuayo hapa, Toyota Land Cruiser ya namna ya HZJ79, ilifanyiwa marekebisho katika gereji moja ya Iringa kwa ajili ya mitihani hiyo, na mchanga wa mito ya Ruaha ukawa wa nne. Nilikuwapo tangu bolti ya kwanza ilipolegezwa, nami nakiri kwamba rai nyingi nilizoingia nazo gerejini sikutoka nazo.

Nilikuja na matakwa yangu: ngao mbele, bampa zito la chuma nyuma lenye kubeba matairi mawili ya akiba, keria juu ya kabini kwa madumu manne ya dizeli, na matairi mapana. Fundi, mzee asiye na maneno mengi, alinisikiliza hadi mwisho, akaokota kipande cha ubao, akakilaza juu ya nondo, kisha akabonyeza ncha moja kwa kidole hata ile ya pili ikainuka.

"Gari lako ndilo hili, mwanangu," akasema. "Nondo ni ekseli ya nyuma. Hapa unapotaka bampa ndipo kilipo kidole changu."

Hesabu ya ubao ule ni sahili. Baina ya ekseli mbili za pikapu hii ni milimita 3,180. Kilo 100 zikitundikwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi 100 bali takriban 131, kwa kuwa kilo 31 zimenyang'anywa magurudumu ya mbele. Na hayo ya mbele ndiyo yenye usukani, na mteremkoni ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya kazi ya breki. Mpandoni mambo huzidi, kwani mwinuko wenyewe huusukuma mzigo nyuma. Dereva hukata usukani konani, na gari, kabla ya kutii, huteleza mbele kidogo kuelekea ukingo usio na ukuta.

Kwa hiyo bampa lilikataliwa, tairi la akiba likasimamishwa nyuma tu ya kabini, na tenki la pili la lita 80, ambazo ni karibu kilo 67 za dizeli, likafungwa chini ya bodi kando ya chesisi, mbele ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo uzito hauyumbishi kitu. Keria ikabaki, ila kwa hema na mikeka. Mzee huyo hupima kila kitu kwa mapipa, "robo pipa", "nusu pipa", wala sistaajabu: Rhodesia ilipojitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, na Zambia ikalazimika kuletewa mapipa ya mafuta kwa malori kutoka Dar es Salaam kabla ya barabara kuu ya kwenda huko kupata lami, njia ya nyanda hizi ilipewa jina la jahanamu, na wenye umri wake waliyaona mapipa hayo yakipita.

Katika springi ndipo ustadi wake ulipodhihirika. Aghalabu mafundi wetu wakiona gari limelala nyuma huongeza majani bila kupima, na gari likiwa tupu huwa gumu kama mkokoteni: matairi hurukaruka juu ya makunyanzi ya barabara ya vumbi, na tairi lisilogusa ardhi halina breki wala mvuto. Yeye aliongeza jani moja tu, nene, fupi na lililonyooka, chini ya mengine yote, lisilofanya kazi mpaka mzigo uyakunje ya juu yake hata yalilalie. Shokapu zikabadilishwa pia, maana springi yenye nguvu zaidi hurudi kwa kishindo kikubwa zaidi. Yuubolti zikawekwa mpya, na baada ya safari ya kwanza zikakazwa tena.

Matairi mapana nayo sikuyapata. Injini ya 1HZ ina silinda sita na lita 4.2, lakini haina turbo, na hewa ya Kitulo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu robo. Kumtwisha mnyama huyo, aliyekwisha kupungukiwa pumzi, tairi kubwa zaidi ni sawa na kumrefushia gia zote bila kumwongezea nguvu. Tukabaki na 7.50R16. Katika mchanga wa mto Mdonya, huko Ruaha, hupunguzwa upepo, na unyayo wa tairi hurefuka zaidi ya unavyopanuka, ndipo gari huelea. Sharti tu kuwe na kampresa ya kuurudisha.

Katika jambo la winchi tulihitilafiana. Yeye aliitaka mbele, nami nilimkumbusha kwamba udongo wa Usangu, ule mweusi ambao hata wataalamu wa ardhi wa ng'ambo wameuita kwa neno letu, mbuga, hupasuka kiangazi na masika hujaza meno ya tairi lolote hata likawa laini kama yai, na mahali penyewe mara nyingi hapana mti wa kufungia waya.

"Utazika tairi la akiba, ufunge hapo," akasema.

"Na wa kuchimba shimo ni nani, Mzee?"

Akamtazama utingo, utingo akatazama pembeni. Winchi ilifungwa. Majembe mawili nayo yalipakiwa, nyuma tu ya kabini, na bampa nililolinunua kwa fedha zangu lingali limeegemea ukuta wa gereji, kuku wakilala kivulini mwake.