Dhahabu Ina Mnunuzi: Kusoma The Falling Sky

Ukikishika The Falling Sky kwa kutafuta habari za uchimbaji haramu wa dhahabu katika msitu wa Amazon, utasubiri sana. Sehemu nzima ya kwanza, Davi Kopenawa, mganga na msemaji wa Wayanomami wa Brazili, anasimulia jinsi alivyofundishwa uganga: roho za msitu ziitwazo xapiri, nyimbo zao, ngoma zao. Wapo watakaochoka hapo, maana kweli kuna kurudiarudia kwingi. Vumilia tu. Wachimbaji wanapovamia, katika sehemu ya pili, wanavamia mahali ambapo wewe msomaji umeshakaa ukapazoea. Mto ukigeuka tope, unajua ni mto wa nani. Ripoti ya wizara haiwezi kukupa hilo.

Kitabu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2010, kisha kwa Kiingereza 2013. Kopenawa alisimulia kwa lugha yake. Bruce Albert, mwanaanthropolojia Mfaransa, akarekodi kwa miaka mingi, akatafsiri na kupanga. Sasa sauti tunayoisikia ni ya nani? Albert mwenyewe hafichi kwamba "mimi" ya kitabu hiki imebebwa na watu wawili, na ukweli huo unakifanya kiaminike zaidi.

Moyo wa kitabu ni moshi. Omama, muumba, aliyaficha madini chini ya ardhi. Anayeyafukua na kuyachoma anaachia moshi wa maradhi, xawara. Msomaji wa mjini anaweza kutabasamu akasema hizo ni ngano. Haya, tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Mchimbaji anachanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, zebaki inaishika dhahabu, kisha donge linachomwa ili zebaki ipae hewani. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaujua moshi huo vizuri. Zebaki nyingine inaishia mtoni, inaingia kwa samaki, na kwa samaki inafika kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kopenawa anauweka moshi huo fungu moja na malaria na mafua yaliyoletwa na wageni. Sisi tumezoea kugawa: hili la mazingira, hili la afya, lile la polisi. Yeye anakataa kugawa, na hapo ndipo kitabu kinapoushinda uandishi mwingi wa aina hii.

Uwajibikaji je? Mwaka 1992 ardhi ya Wayanomami ilitambuliwa rasmi, zaidi ya hekta milioni 9. Mwaka uliofuata wachimbaji waliwaua watu 16 huko Haximu, na mwaka 1996 mahakama iliwatia wachimbaji watano hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hukumu nzito kweli. Ila biashara haikusimama, na Januari 2023 serikali ya Brazili ililazimika kutangaza hali ya dharura ya kiafya katika ardhi hiyohiyo, watoto wakiwa wamekonda kwa njaa na malaria.

Jibu la Kopenawa kuhusu chanzo ni fupi: watu wa nje wamependa bidhaa mpaka akili zimefunikwa. Anayefukua tope ni mkono tu. Hamu iko mbali, mjini. Miaka mitatu baada ya kitabu kutoka, Brazili ilipitisha sheria iliyomruhusu mnunuzi wa dhahabu kuamini neno la muuzaji kuhusu ilikotoka, akahesabiwa kuwa mwenye nia njema. Mahakama Kuu ilikuja kuisimamisha Aprili 2023. Kwa miaka kumi, basi, kutouliza kulikuwa ni haki ya mnunuzi.

Lakini nina ugomvi na kitabu hiki. Neno lake kwa mgeni, napë, linawatia wote kapu moja: mchimbaji maskini, mwenye ndege ndogo anayempelekea mafuta na chakula porini, mfanyabiashara wa mjini, mimi na wewe. Mchimbaji anafananishwa na nguruwe mwitu anayefukua matope, na hatupewi nafasi ya kutosha kuuliza njaa gani ilimfikisha pale. Kama laana, inatosha. Kama mashtaka, inapwaya. Sote tukiwa na hatia sawa, mwenye ndege anapumua. Mahakama inahitaji majina, stakabadhi, njia ya mzigo kutoka shimoni hadi kwa anayeyeyusha. Kazi hiyo Kopenawa ametuachia sisi.

Hata hivyo kisome, na usiruke sehemu ya kwanza. Ukishakimaliza, siku utakayopita kwa sonara kutafuta pete, muulize dhahabu ile imetoka wapi. Atashangaa kidogo, maana si swali analoulizwa kila siku. Subiri jibu.